Filamu Sita Zilizomnyamazisha Mkalimani

Nyumbani kwetu Tanga mkalimani ni mimi. Kazi hii sikuiomba. Ilinifuata kwa sababu ya watu waliokuwa wakijaa sebuleni Jumamosi jioni: mama yangu mzazi, ambaye Kiingereza hakijui, wanangu wawili, ambao wakati huo walikuwa bado wadogo wa kukielewa, na binti wa marehemu dada yangu, aliyeletwa kwetu akiwa na umri wa chekechea na ambaye tangu siku hiyo ananiita mama mdogo. Umeme ukiwepo tuliweka filamu ya katuni kutoka kwenye flashi, nami nikakaa katikati nikieleza nani kasema nini.

Kazi hii ina mabingwa wake. Watu wa rika langu wanavikumbuka vibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja mbele, kanda ya video iliyochezwa hadi picha ikaanza kukwaruza. Wanaikumbuka sauti ya Lufufu, jina la kazi la Derek Mukandala, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mpaka watu wakaja kumsikiliza yeye kuliko waigizaji. Kisha wakaja kina DJ Mark. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo. Watu hawa hawakuishia kwenye kutafsiri maneno. Walionya, walikemea, walimsuta mwovu kabla hajatenda uovu wake. Mimi nilijifunza kutazama filamu kwa kuwasikiliza wao, na ilipofika zamu yangu sebuleni nilifuata nyayo zao.

Miaka ilivyopita nikaanza kuona tofauti. Kuna filamu ambazo mdomo wa mkalimani haupumziki. Ukinyamaza kidogo tu, mtoto anakuvuta nguo: "Mama, kasema nini?" Na kuna filamu ambazo ghafla hakuna anayeuliza. Mama ametulia, watoto wametulia, mimi sina la kuongeza, na mwenye miaka mitano anaelewa kilekile anachokielewa mwenye miaka sabini, kwa wakati uleule.

Hicho ndicho kipimo changu. Filamu ya familia si filamu ya watoto ambayo wakubwa wanaivumilia, wala si filamu ya wakubwa iliyopakwa rangi za kuvutia. Ni filamu inayowakutanisha watu wa umri tofauti katika jambo moja zito, na kuwaamini wote kwamba watalimudu. Nilizotazama ni nyingi. Hizi sita ndizo ninazompa kila mzazi anayeniuliza, na nimezipanga kuanzia ya sita hadi ya kwanza.

Ya sita: The Lion King (1994)

Najua wengi watabisha kuiona chini hivi. Hii ndiyo katuni kubwa iliyokuja kutuchora sisi. Watengenezaji wake walifika Kenya mwaka 1991, wakatembea Hell's Gate karibu na Naivasha wakichukua sura ya miamba na nyika. Simba, Rafiki, Shenzi, Pumbaa: mtoto wetu anawajua kwa majina kabla hajaelezwa chochote. Sauti inayopasua alfajiri mwanzoni ni ya Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni enzi za ubaguzi wa rangi, na anaimba kwa Kizulu. Muziki wa filamu hiyo ulimpatia Hans Zimmer tuzo ya Oscar.

Dakika zile za kwanza sikuzitafsiri. Wanyama wanatoka kila upande, wanakusanyika, mtoto anainuliwa juu. Mama alisema tu, "Wamekuja kumwona mzazi," na watoto wakaelewa, maana wameshapelekwa mara nyingi kwenye nyumba yenye kichanga.

Kisha baba anakufa. Mwana anamsukuma kwa kichwa, anamvuta sikio, halafu anajipenyeza chini ya mkono wake na kulala hapo. Binti wa dada yangu alikuwa na miaka kama sita. Hakulia. Aliuliza, "Mama mdogo, ni yeye kamuua?" Scar, ndugu wa baba huyo, alikuwa amemwambia mtoto kwamba kosa ni lake. Nikamjibu kwamba hapana, Scar anadanganya. Akauliza tena, "Yeye anajua kama anadanganywa?" Nikasema hajui. Akaikazia macho televisheni kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Watu wanaolea watoto waliofiwa wanalijua hili: mtoto mdogo anaweza kuamini kabisa kwamba utundu wake, au neno alilolisema kwa hasira, ndilo lililoleta kifo. Mara nyingi halisemi. Usiku ule nilikaa kitandani kwake nikamweleza mama yake aliugua nini, waganga walijaribu nini, na kwamba hakuna alichokifanya yeye kilicholeta maradhi yale. Alikuwa amekaa nasi muda mrefu bila mtu kumwambia maneno hayo. Filamu ilituonyesha mlango, sisi tukaingia.

Kwa nini basi ni ya sita? Kwa sababu baada ya hapo inaongea mno. Baba anatokea mawinguni kutoa somo, Rafiki analirudia kwa fimbo, na mkalimani anachoka. Simba majike wanaowinda kwa ajili ya ufalme mzima wanakaa kumsubiri dume arudi. Binti yangu aliuliza kwa nini Nala, mmoja wa majike hao, asiongoze vita mwenyewe, na filamu haina jibu. Fisi nao wamezaliwa waovu, basi. Hakuna anayeuliza wamekuwaje hivyo.

Ya tano: Finding Nemo (2003)

Filamu hii ya Pixar inaanza kwa msiba ambao filamu nyingi za watu wazima zingeukwepa. Marlin na mkewe Coral wanatazama mayai yao, zaidi ya mia nne, wakichagua majina. Anatokea samaki mkubwa mwenye meno. Giza linaingia. Marlin anapozinduka, mke hayupo, na limebaki yai moja lenye ufa. Hakuna tone la damu linaloonekana, wala hakuna anayetuambia kilichotokea. Sebuleni hakuna aliyeuliza.

Yai hilo linakuwa Nemo, mtoto mwenye pezi moja dogo kuliko jingine, na baba yake anamlea kwa hofu. Mwongozaji Andrew Stanton amesimulia kwamba wazo lilimjia alipokuwa akitembea na mwanawe: muda wote alikuwa akimkataza hiki na kumwonya kile, na matembezi yakaisha bila wao kuwa pamoja kwa kweli. Hilo ndilo linaloifanya hadithi iwe na uzito. Papa wapo, nyavu zipo, daktari wa meno wa Sydney yupo na tangi lake la kioo, lakini kinachomtenga mtoto na baba yake ni hofu ya baba, na hofu hiyo ina sababu ya haki kabisa. Mtoto anayetazama anaona kwamba ukali wa mzazi unaweza kuwa ni jeraha. Mzazi anaona kwamba jeraha lake halimpi ruhusa ya kumfungia mtoto.

Sisi tunaishi karibu na bahari. Kwenye matumbawe ya Tanga, Unguja na Mafia wanaishi samaki wa jamii ya Nemo, wamejibanza kwenye anemoni zenye sumu isiyowadhuru wao. Lakini mume wangu alikuwa hataki kabisa kusikia habari ya watoto kuogelea. Filamu ilipokwisha, mwanangu wa kiume alimgeukia akasema, bila utundu wowote, "Baba, wewe ni Marlin." Mume wangu hakujibu. Siku chache baadaye alimpeleka mwenyewe ufukweni Raskazone, akamshika tumbo majini mpaka mtoto akaelea. Sijui mahubiri yangu gani yangeweza kufanya kazi hiyo.

Inabaki ya tano kwa kuwa katikati imejaa vichekesho vilivyojengwa juu ya Kiingereza chenyewe, na hivyo havivuki. Nilitafsiri sana, walicheka kidogo.

Ya nne: Coco (2017)

Mwaka 2013 kampuni ya Disney iliomba kusajili jina la Día de los Muertos, siku ambayo Wamexico huwakumbuka wafu wao, kama alama ya biashara. Watu walikasirika, na maombi yakaondolewa. Mchoraji Lalo Alcaraz, aliyekuwa miongoni mwa wakosoaji wakali, baadaye alialikwa kuwa mmoja wa washauri wa filamu. Lee Unkrich aliiongoza akisaidiwa na Adrian Molina, na Mexico ndiko ilikoonyeshwa kwanza, kabla ya Marekani. Nadhani hasira ile ilikuwa na faida. Filamu imetengenezwa kwa adabu ya mgeni aliyekumbushwa kwamba yuko nyumbani kwa watu.

Miguel anataka kupiga gitaa katika ukoo uliopiga marufuku muziki. Anajikuta katika nchi ya wafu, mahali ambapo marehemu anaendelea kuwepo maadamu kuna mtu aliye hai anayemkumbuka. Akisahaulika na wa mwisho, anatoweka kabisa.

Kwa Waafrika Mashariki wazo hili si geni. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alieleza kwamba marehemu hubaki karibu na jamaa zake kwa muda wote ambao wapo wanaomjua kwa jina. Yeye aliuita wakati huo Sasa. Wa mwisho anayemkumbuka akiondoka, marehemu anazama katika Zamani. Mexico na Ukambani, kwao Mbiti, ziko mbali, na bado zimelitazama kaburi moja na kuona kitu kinachofanana.

Ilinibidi nieleze mengi. Sisi hatuwawekei marehemu chakula wala picha. Tunasoma khitima, tunawaombea dua, tunatoa sadaka kwa ajili yao. Mama alikuwa na wasiwasi na mifupa inayocheza ngoma, na nilimweleza kwamba ni desturi ya watu wengine katika kuwaenzi wao. Akanyamaza, akaendelea kutazama. Kisha ikafika ile sehemu karibu na mwisho: kijana anapiga magoti mbele ya Mama Coco, mama wa bibi yake, mwanamke aliyekaa kitini akiwa ameshasahau karibu kila kitu, na anamwimbia wimbo aliokuwa akiimbiwa na baba yake. Vidole vya kizee vinaanza kufuata mapigo. Sikusema neno.

Televisheni ilipozimwa, mama alianza kutaja watu. Alimtaja babu yake, aliyetoka upande wa Kigoma kuja kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, akaishi kambini miaka mingi, akaoa huku na asirudi tena. Mimi ni mtu mzima, na jina la mzee huyo nilikuwa silijui. Wanangu walilijua siku ileile niliyolijua mimi. Sasa limeandikwa, pamoja na mengine aliyoyataja, kwenye daftari ambalo mama mwenyewe hulikagua kuona kama nimeruka mtu.

Ya tatu: Kirikou et la Sorcière (1998)

Michel Ocelot, Mfaransa, aliishi sehemu ya utoto wake Conakry, nchini Guinea. Alipotengeneza filamu yake ndefu ya kwanza alirudi Afrika Magharibi kwa moyo wake wote: muziki aliutunga Youssou N'Dour, na sauti za wahusika zilirekodiwa Dakar na waigizaji wa huko. Watu wake wanavaa kama walivyovaa wanakijiji wa zamani, kifua wazi. Baadhi ya wafanyabiashara wa filamu walitaka wanawake wavalishwe, Ocelot alikataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya watoto. Mama akaniwahi: "Bibi zetu walikuwa hivyo hivyo." Jambo likaishia hapo.

Kirikou anaongea akiwa tumboni, anajizaa mwenyewe, anajikata kitovu, na mara moja anataka kujua wanaume wa kijiji wako wapi. Mama yake anamjibu ukweli. Chemchemi imekauka, dhahabu imechukuliwa, wanaume wamekwenda kupigana na mchawi Karaba na hawakurudi. Mashariki ya Congo, Wanyanga wana shujaa wao Mwindo, ambaye naye alizaliwa akitembea na kusema. Mtoto wa namna hii anaaminika Afrika, kwa sababu hadithi zetu hazikuwahi kumdharau mtoto kwa udogo wake.

Lakini kinachoiweka filamu hii juu ni swali analouliza Kirikou kwa kila anayekutana naye: kwa nini Karaba ni mwovu? Wakubwa wanachoka naye. Yuko hivyo kwa sababu ni mchawi, wanasema. Babu yake anayeishi mlimani peke yake ndiye anayejibu. Wanaume walimshika Karaba wakampigilia mwiba wenye sumu mgongoni, na maumivu yale hayajawahi kumwacha hata siku moja. Mtoto anaung'oa mwiba kwa meno. Karaba anapiga ukelele, na nguvu zake za uchawi zinaisha pamoja na uchungu.

Mama alikaa kidogo, kisha akawasimulia wajukuu habari za Fumo Liongo, aliyepigwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe akafa. Akasema, "Yule mtoto alichoma, huyu amechomoa." Hakuna mhakiki aliyewahi kunifungulia filamu kwa maneno machache namna hiyo. Tangu siku ile, watoto wangu wakileta habari ya mwalimu mkali au mwenzao mgomvi, mara nyingi mmoja wao anauliza mwiba wake uko wapi. Si kila mara tunaupata. Lakini hawasemi tena kwamba mtu amezaliwa fisi.

Ya pili: Up (2009)

Up ilikuwa filamu ya kwanza ya katuni kufungua tamasha la Cannes, na ya pili katika historia kupendekezwa kwa Oscar ya filamu bora ya mwaka, baada ya Beauty and the Beast. Yote hayo, kwa maoni yangu, yanatokana na dakika chache karibu na mwanzo wake, na muziki wa Michael Giacchino unaozibeba.

Carl na Ellie wanaoana. Wanaikarabati nyumba chakavu. Wanatayarisha chumba cha mtoto, kisha tunawaona hospitalini, Ellie ameinamisha kichwa. Wanaweka akiba kwa safari ya maporomoko ya maji Amerika ya Kusini, na kila mara kibubu kinavunjwa: gurudumu la gari, mguu uliovunjika, paa lililoangukiwa na mti. Mvi zinaingia. Ellie anashindwa kupanda kilima walichokipanda siku zote. Kisha Carl amekaa peke yake kanisani na puto moja mkononi. Maisha mazima ya ndoa yamepita bila mtu kusema neno.

Mama ni mjane. Alitazama sehemu ile mikono ikiwa mapajani, na watoto walijua bila kuambiwa kwamba si wakati wa kuuliza. Baadaye Carl anafunga maelfu ya maputo kwenye nyumba yake na kuruka nayo, na njiani anaisemesha. Mwanangu akashangaa: mbona mzee anaongea na nyumba? Mama akamjibu, "Haongei na nyumba. Anaongea na mkewe." Mjukuu akamtazama bibi yake, na naamini ndiyo mara ya kwanza alipowaza kwamba bibi naye aliwahi kuwa mke wa mtu, kwamba kile kiti karibu na dirisha anachokipangusa kila asubuhi kina mwenyewe.

Mwongozaji Pete Docter na wenzake walikuwa na ujasiri wa kuweka uzee, utasa na kifo katika filamu ya watoto, na watoto hawakudhurika. Walielewa. Ile sehemu ambapo Carl anafungua kitabu cha safari cha Ellie na kukuta kurasa alizodhani ni tupu zimejaa picha za maisha yao ya kawaida inamfundisha mtu wa umri wowote kwamba safari kubwa walikuwa wameshaisafiri. Kilichoizuia kuwa ya kwanza ni mbwa wanaosema na mwovu mwenye meli ya angani. Vinafurahisha, lakini ni vya filamu nyingine.

Ya kwanza: My Neighbor Totoro (1988)

Nakala tuliyoipata ilikuwa ya Kijapani, yenye maandishi ya Kiingereza chini yanayopita haraka. Nilidhani jioni ile ningekuwa na kazi nzito kuliko zote. Ikawa nyepesi kuliko zote.

Hayao Miyazaki anatupeleka kijijini Japani, miaka ya 1950. Satsuki na mdogo wake Mei wanahamia na baba yao kwenye nyumba kuukuu ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao. Miyazaki alikuwa anakijua anachokisema: mama yake aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi, yeye akiwa mtoto. Wasichana wanafukuzana, wanachota maji kwa pampu, wanasaidiwa na jirani anayeitwa Bibi na kila mtu. Ndani ya mti mkubwa wa kafuri Mei anamkuta Totoro, kiumbe mkubwa mwenye manyoya anayelala, kuunguruma na kuotesha miti. Mwovu hayupo. Vita havipo. Baba anapoambiwa habari za kiumbe huyo hacheki wala hakemei. Anawapeleka binti zake mbele ya mti wakausalimu na kuushukuru.

Kuna sehemu ya kituo cha basi usiku, mvua inanyesha. Satsuki amembeba mdogo wake aliyelala, anamsubiri baba. Totoro anakuja kusimama pembeni yake na jani kichwani. Wanasimama. Satsuki anampa mwavuli. Tone linaanguka juu ya mwavuli, kisha jingine, na Totoro anaifurahia sauti ile mpaka anaruka, na maji ya miti yote yanamwagika pamoja. Ndiyo hivyo tu. Watoto wangu, ambao kwenye filamu nyingine walikuwa wakihangaika kila kitu kikisimama, hawakutikisika.

Kisha inafika telegramu kutoka hospitali. Mama hawezi kuja nyumbani kama ilivyopangwa. Satsuki, aliyekuwa akijifanya mkubwa muda wote, anaangua kilio kwa Bibi na kusema kile alichokuwa anakificha: itakuwaje mama akifa? Mei anamsikia. Anachukua hindi bichi, maana ameambiwa kwamba mazao mapya ya shambani yanampa mgonjwa nguvu, analikumbatia kifuani na kuanza kutembea peke yake kuelekea hospitali, barabara asiyoijua.

Sikutafsiri chochote hapo. Binti wa dada yangu alisema, akiangalia mbele, "Hata mimi ningempelekea." Mama akamvuta karibu: "Ungempelekea, mjukuu wangu." Nilimfahamu dada yangu tangu utotoni mwangu, nilikuwa naye siku zake za mwisho, na nilikuwa sijapata neno la kumwambia mtoto wake kuhusu upendo aliokuwa nao na asipate nafasi ya kuutumia. Mei na hindi lake walimpa.

Miyazaki hamuui mama huyo, na wala hawaahidi watoto kwamba hatakufa. Anawafikisha wasichana hadi kwenye mti nje ya dirisha la hospitali, wanamwona mama anacheka na baba, wanaliacha hindi dirishani na kurudi. Hadi majina ya watengenezaji yanapopita ndipo tunaonyeshwa michoro ya mama amerudi nyumbani. Mwaka ule wa 1988 filamu hii ilitolewa pamoja na Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, hadithi ya ndugu wawili wakati wa vita ambayo haina faraja kabisa. Studio Ghibli iliwaweka watazamaji mbele ya pande zote mbili za utoto kwa tiketi moja. Ndiyo heshima ninayoizungumzia.

Kwa mzazi, na kwa mchoraji wetu

Kwa mzazi ninayo mashauri ya kutenda. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwanzishie Totoro. Kirikou na Finding Nemo zinamfaa akishaanza kuuliza "kwa nini" kwa kila jambo, ila kwa Nemo mkae bega kwa bega dakika za mwanzo. The Lion King, Coco na Up zisubiri aweze kuzungumza juu ya kifo, na kama amefiwa, usimwache azitazame peke yake hata kidogo. Mwite bibi au babu hata kama lugha haijui. Utashangaa ni nani atakayeielewa filamu zaidi. Filamu ikiisha, usikimbilie kuuliza "umejifunza nini?" Swali lake litakuja, pengine siku hiyo, pengine wakati wa kuoga wiki ijayo. Uwepo litakapokuja.

Kwa wachoraji wa katuni wa Afrika Mashariki nina ombi. Uwezo tunao, na umeonekana. Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Ubongo Kids inatoka Dar es Salaam tangu mwaka 2014 na imewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi. Mwaka 2023 mkusanyiko wa Kizazi Moto uliwapa waongozaji wa Kiafrika, akiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya, nafasi ya kuonyesha dunia wanazoziwaza. Nyingi ya kazi zetu za watoto, hata hivyo, bado zinafundisha, na mwalimu hapendi darasa linyamaze. Mtoto wetu anahitaji pia hadithi ndefu isiyomfundisha chochote kwa maneno: ya binti wa manamba kambini, ya Liongo na mwanawe, ya mjukuu anayempelekea bibi uji hospitali ya mkoa. Itengenezwe kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza, na mahali ambapo uchungu au furaha imezidi maneno, mchoraji awe na ujasiri wa kuacha picha iseme. Watoto hawa wameshatuonyesha kwamba wanaimudu.